Silinda ya Sita

Mzee ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa ameketi nyuma yangu, macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, shuka lake jekundu limebanwa chini ya mshipi, na tangu tupae kutoka Kisima hakuwa amesema neno. Akainama hadi sikioni mwangu, maana ndani ya ndege ndogo huwezi kunong'ona, akasema:

"Kijana, hii kitu inakohoa."

Nikamwambia ni sauti ya kawaida, mzee. Nilisema kwa ule ujasiri wa mtu wa Nairobi, kana kwamba nilizaliwa Wilson. Ukweli ni kwamba hiyo ilikuwa safari yangu ya pili ya ndege maishani. Ya kwanza ilikuwa siku nne kabla, kwenye ndege hiyo hiyo, tukienda.

Haikupita dakika. Ndege ikatetemeka mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kutetemeka na haikuacha tena. Kama umewahi kupanda matatu kuukuu inayokwea mlima huku injini inamisi na makanga anajifanya hasikii, unaujua mtetemo ninaousema. Unaanzia kwenye nyayo, unapanda magotini, unafika kwenye meno. Nyuma kabisa, chupa za maji tulizobeba kwenda kupimwa maabara zikaanza kugongana. Tofauti ni kwamba kwenye matatu unaweza kusema "shukisha".

Tulikuwa watano ndani ya Cessna 206, ndege ya viti sita na injini moja. Mbele kulikuwa na rubani, na kando yake mhandisi wa maji wa shirika lililokuwa limeikodi ndege. Nyuma yao nilikuwa mimi na maboksi. Nyuma yangu kulikuwa na mzee aliyekuwa akipelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa macho, na muuguzi wa kumsindikiza. Ilikuwa Julai, Jumatano, kama saa nne asubuhi.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuandika. Shirika lilikuwa limechimba visima kandokando ya Maralal na lilitaka ripoti yenye hadithi za watu na picha. Shilingi 45,000. Sikuwahi kulipwa pesa kama hiyo kwa maandishi yenye jina langu. Riziki yangu ya kila siku ilikuwa maandishi yasiyo na jina langu: kazi za chuo za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, ambao wanalala huku sisi tukikesha Nairobi tukiwaandikia. Nimewahi kuwa muuguzi wa mwaka wa pili Ohio na mwanafunzi wa sheria Manchester wiki moja. Kwa hesabu yangu nimesaidia kuhitimu watu kama arobaini. Mwenyewe sikuhitimu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kozi ya uchumi, na wakati ndege ile inaanza kukohoa nilikuwa na miezi kumi na minne tangu niache.

Mamangu hakuwa anajua. Hilo ndilo jambo ambalo stori hii inazunguka, kwa hivyo niliseme mapema. Mama alijua niko chuo. Alijua niko mwaka wa nne sasa, namalizia. Muhula ambao niliacha, alikuwa ameuza mtamba wake na kunitumia shilingi 38,000 za karo. Nilizipokea kwa M-Pesa nikiwa nimekaa kitandani, nikamwandikia "asante sana Mama, Mungu akubariki", na kabla ya mwezi kuisha zilikuwa zimekuwa kodi ya nyumba, stima, na kompyuta ya mitumba ambayo ndiyo ilinipa kazi ya kuandikia wazungu.

Sasa, ramani. Ukitoka Kisima kwenda Nairobi kwa mstari ulionyooka, unakatiza uwanda wa Laikipia halafu unakutana na Nyandarua, ile milima ambayo wazungu waliipa jina la Aberdare. Kilele chake cha juu zaidi, Lesatima, kina mita 4,001. Upande wa mashariki kuna Mlima Kenya, mita 5,199. Kati ya milima hiyo miwili kuna bonde pana na kavu kidogo linaloitwa Kieni, lenye mashamba ya viazi, mabati yanayometameta, na barabara inayotoka Nyeri kupitia Narumoru kwenda Nanyuki. Narumoru ndiko kwetu. Ndege yetu ilikuwa ipite kwenye bega la mashariki la Nyandarua, juu ya msitu, futi 10,500 kutoka usawa wa bahari. Inasikika juu sana, lakini ardhi yenyewe pale chini inapanda kukufuata. Kati ya miguu yetu na miti kulikuwa na futi elfu mbili hivi.

Julai huko juu ni mwezi wa ukungu. Nyandarua ilikuwa imejifunika gubigubi. Kulia kwangu kulikuwa na ukuta wa kijivu, na ndani ya ule ukuta nilijua kuna mawe. Juni 5, 2018, ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 ilipotelea kwenye milima hiyo hiyo. Nilikuwa bado shule ya upili. Waliitafuta siku mbili kwenye mvua na ukungu kabla mabaki kupatikana, na hakuna aliyenusurika. Nakumbuka watu wakizungumzia tu neno moja, ukungu, kana kwamba ni mtu aliyefanya kosa. Miaka kumi na mitano kabla ya hiyo, Julai 2003, ndege ya kukodi iliyobeba watalii na marubani wake wawili iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana. Watu 14. Sisi tuliokulia katikati ya milima hii miwili tunaipenda, tunaipiga picha, tunaiweka kwenye kalenda. Lakini tunajua inakula ndege.

Nilimwangalia rubani. Nilitaka aniambie kitu. Chochote.

Hakusema. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda mwaka mmoja au miwili zaidi, nywele amezisuka na kuzifunga nyuma, shati jeupe. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba ndege inageuka. Haikugeuka ghafla. Ilipinda taratibu kwenda kushoto, ile ukuta ya kijivu ikahama kutoka kulia kwangu ikaenda nyuma. Kisha mikono yake ikaanza kutembea. Akashika swichi ya matangi ya mafuta, akabadilisha. Akasikiliza. Akagusa kifundo chekundu, akakisukuma kidogo, akakirudisha. Akasikiliza. Akageuza ufunguo nukta moja, mtetemo ukawa mbaya zaidi, akaurudisha. Akasikiliza tena. Usoni hakukuwa na kitu. Angeweza kuwa mtu anayepika ugali.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Hili nilikuja kulifikiria sana baadaye, kwamba hofu yangu ilianza kama hasira. Nilikuwa nasema moyoni: si uongee? Si utuambie kama tunakufa? Nyuma yangu muuguzi alikuwa ameanza kusali kwa sauti. Mhandisi alikuwa ameshika ukingo wa dashibodi kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia meza isianguke. Ni mzee peke yake aliyekuwa ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza.

Nadhani zilipita dakika nne. Ndipo rubani akabonyeza kitufe, akaongea na mtu kwenye redio kwa maneno machache, kisha akageuza kichwa nusu akapaza sauti.

"Sikizeni. Silinda moja haifanyi kazi. Injini iko, lakini imepungukiwa nguvu. Hatuvuki huku. Tunaenda Nanyuki, kama dakika kumi. Kazeni mishipi. Toeni vitu vyenye ncha mifukoni, kalamu, funguo. Nikisema mkae, mnainamisha kichwa kwa magoti. Mtu wa nyuma amwelezee mzee."

"Mzee amesikia," mzee akasema.

Nikatoa kalamu mfukoni mwa shati. Nilikuwa nazo tatu. Sijawahi kujiona mjinga hivyo, mwandishi anayenyang'anywa kalamu zake na kifo. Nikazitia kwenye mfuko wa kiti cha mbele, halafu nikatoa simu.

Hapa najua unatarajia nini, kwa sababu hata mimi nilitarajia. Nilifungua ujumbe wa Mama. Juu kulikuwa na ule wa mwisho, wa wiki iliyotangulia: "Soma vizuri baba, mitihani ni karibu." Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina la babake, na tangu nizaliwe ananiita baba. Nikaandika "Mama", nikaweka mkato. Nikangoja sentensi ije. Mimi, ninayeweza kuandika maneno elfu mbili kuhusu sheria za mikataba za Uingereza kabla ya alfajiri, ambaye nimeomba radhi kwa maprofesa kwa niaba ya watu nisiowajua, nikakaa juu ya Kieni na neno moja na mkato.

Mtandao ulikuwepo, usifikirie haukuwepo. Ulikuwa vijiti viwili.

Nikaangalia chini. Msitu ulikuwa umeisha na chini kulikuwa na nyasi pana za rangi ya simba. Nikajua ni Solio, ranchi ya vifaru. Nikawaza, tukitua hapa tutatoka kwenye ajali salama halafu tukanyagwe na kifaru, na nikacheka peke yangu kwa sauti. Mhandisi akageuka kuniangalia kama mtu aliyepagawa. Tulikuwa tunashuka, si kwa kasi, lakini tulikuwa tunashuka, mshale wa futi ukirudi nyuma kama mita ya stima ya malipo ya kabla. Kisha mashamba yakaanza. Kisha mabati. Barabara. Nikaona Narumoru nzima imelala pale chini, ndogo, na nikaanza kutafuta nyumbani. Tuna tangi jeusi la maji kando ya jikoni. Nikagundua kuwa kila boma lina tangi jeusi kando ya jikoni. Ukiwa juu, nyumba za watu wanaokungoja hazina alama.

Tulitua Nanyuki saa nne na nusu kasoro. Kutua kwenyewe hakukuwa na stori. Magurudumu yakagusa lami, yakaruka kidogo, yakagusa tena. Rubani akaiendesha hadi kando, akazima injini, na ule ukimya ulioingia sijawahi kuusikia tena. Muuguzi alikuwa analia. Mzee akauliza, "Tumefika Nairobi?" Alipoambiwa ni Nanyuki akasema, "Si mbaya. Imekohoa lakini haikufa."

Fundi alifungua kifuniko cha injini kabla haijapoa vizuri. Nilikuwa nimesimama hapo kwa sababu miguu yangu ilikuwa imekataa kwenda mbali. Injini ile ina silinda sita, tatu kila upande, na kila moja inapelekewa petroli na mrija wake mwembamba. Mwishoni mwa mrija kuna kijipua cha shaba, kifupi kuliko kidole, chenye tundu dogo kuliko la sindano ya kushonea. Kimoja kilikuwa kimeziba. Fundi alikipulizia, akakimulika, akanionyesha. Uchafu wenyewe haukufika punje ya mchanga.

"Hii tu?" nikauliza.

"Hii tu. Silinda ilikuwa mzima. Ilikuwa na njaa."

"Lakini ni moja kwa sita. Si tano zilikuwa zinafanya kazi?"

Akacheka. "Hesabu ya injini si hiyo. Hiyo moja haijakaa tu bila kazi. Imefungwa kwa mtaimbo mmoja na wenzake. Pistoni yake lazima ipande na ishuke, kufa isikufe. Kwa hivyo hizo tano zinavuta ndege, na zinavuta maiti."

Nilienda kukaa kwenye kivuli cha bawa. Nilifikiria Mama na mtamba. Nilifikiria kaka yangu anayeendesha lori Mombasa, aliyelipa mwaka wangu wa kwanza. Shangazi wa Karatina na pesa za kitabu. Mjomba. Chama cha Mama, akina mama kumi na wawili waliopitisha kofia siku nilipopata barua ya kujiunga na chuo. Sikutaka kufikiria hivyo. Ninachukia insha ambapo kila kitu kinageuka kuwa mfano wa kitu kingine, na kwa kazi yangu nimeziandika nyingi. Lakini fundi alikuwa ameshasema.

Rubani alikuja na chupa mbili za soda akanipa moja. Mkono wake sasa ulikuwa unatetemeka. Ilinifurahisha kuona, nakiri. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote ule.

"Kuna mpangilio," akasema. "Wanakufundisha kabla hujagusa ndege. Kwanza unairusha ndege. Pili unajua unaenda wapi. Tatu ndiyo unaongea. Ningeanza kuwaongelesha, nani angerusha?"

"Na ungejaribu kuvuka? Nairobi haikuwa mbali."

Akanywa soda kwanza. "Injini ya aina hii inapumua hewa kama wewe. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, nguvu inapungua hata ikiwa nzima. Ikiwa na silinda tano, mbele kuna mlima na ukungu, ukisema acha nijaribu kidogo, utajaribu mpaka siku ile unagundua huwezi kupita na pia huwezi kugeuka. Urefu ni akiba. Hata injini ikizima kabisa, kila futi elfu moja ulizonazo zinakupa kama kilomita mbili na nusu za kuelea utafute pa kutua. Kwa hivyo unageuka ukiwa bado na akiba. Nilikuwa nahesabu: kuna kiwanja Mweiga, kuna nyasi za Solio, kuna mashamba. Kila dakika nilikuwa na mahali. Siku ambayo sina mahali ndiyo siku nitaogopa." Akafikiri kidogo. "Wengi hawauliwi na injini. Wanauliwa na kutaka kufika."

Baadaye nilisoma kuhusu Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza kurusha ndege hapa kwetu. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, na injini yake ikazima karibu na pwani ya Kanada. Nayo haikuwa imevunjika. Barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tangi, petroli ikashindwa kufika. Ilikuwa na njaa. Alitua kwenye kinamasi, pua ya ndege ikazama matopeni, akatoka akiwa ameumia kichwa. Alikuwa amepanga kufika New York. Watu bado wanasema alivuka. Mimi nilikuwa nimejiambia miezi kumi na minne kwamba nitamwambia Mama nikishafika: nikishapata kazi ya maana, nikishamrudishia pesa mara mbili, nikishakuwa na kitu cha kuonyesha. Kila mwezi nilikuwa napoteza futi kadhaa.

Shirika lilituma gari litupeleke Nairobi kwa barabara. Tulipofika Narumoru nikamwambia dereva anishushe. Mhandisi akauliza kama niko sawa. Nikasema kwetu ni hapa. Mzee akanyoosha mkono akanitafuta uso, akanishika shavu, akasema tu, "Nenda."

Mama alikuwa anapalilia viazi. Aliponiona alisimama na jembe, akaangalia nyuma yangu kama anatafuta ni nani amekufa. Mtu hafiki nyumbani Jumatano mchana bila simu. Alinipeleka jikoni, akaweka chai motoni, na kwa sababu hakujua aanzie wapi, akaanza na habari za kijiji. Mvua. Ng'ombe. Bei ya viazi.

"Na leo asubuhi kulipita ndege hapa juu ikilia vibaya," akasema. "Kama inakwama. Nilisimama nikasema Mungu wangu, hao ni watoto wa nani."

"Nilikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya hiyo ndege, Mama."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sichekeshi. Kisha nikaona akipiga hesabu, Jumatano, Julai, mitihani, ndege, na uso wake ukabadilika kabla sijasema neno lingine. Nikamwambia yote. Sikuanza na sababu. Nilianza na pesa, kwa sababu ndiyo niliyoogopa zaidi. Tuliongea Kikuyu, na Kikuyu changu cha kuomba msamaha ni cha mtoto wa darasa la pili, kwa hivyo sikuwa na mahali pa kujificha. Nilisema niliacha. Nilisema nilikula pesa ya mtamba. Nilisema sikufukuzwa, sikuugua, hakuna mtu alinidanganya. Siku moja nilikaa darasani nikaona sisikii tena kinachosemwa, kesho yake sikuenda, na nikaendelea kutoenda.

Chai ilichemka ikamwagika, hakuna aliyeisogeza.

Alinyamaza muda mrefu kuliko rubani. Safari hii sikukasirika. Nilijua kuna kitu anakizuia kisianguke.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "mtamba wangu alilipa nyumba yako Nairobi."

"Ndiyo."

"Na hao wazungu unaowaandikia. Wanapata digrii?"

"Wanapata."

"Kwa akili yako."

"Ndiyo, Mama."

Akainuka akaenda chumbani. Nilidhani ameenda kulia na labda alilia, sijui, alikaa huko. Aliporudi alikuwa na kile kitabu chake cha chama, chenye jalada gumu jeusi na karatasi za mistari, ambapo ameandika mikopo ya watu tangu nikiwa nursery. Akakifungua ukurasa mpya, akakisukuma mbele yangu juu ya meza.

"Mimi sikuzaa mwizi," akasema. "Nimezaa mdeni. Andika."

"Niandike nini?"

"Si wewe ni mwandishi? Andika jina lako, uandike ni ya nini, uandike ni ngapi."

Nikapapasa mfuko wa shati. Kalamu zangu zote tatu zilikuwa zimebaki Nanyuki, kwenye mfuko wa kiti. Akanipa yake. Nikaandika jina langu, ambalo ni jina la babake. Nikaandika "mtamba". Nikaandika 38,000. Akachukua kitabu, akasoma, akaniuliza nitalipa kwa miezi mingapi. Nikasema kumi na tisa, elfu mbili kila mwezi. Akaandika yeye mwenyewe pembeni. Hapo ndipo aliposogeza chai.

Hakunisamehe siku hiyo, na sitadanganya kwamba alinisamehe. Kwa wiki kadhaa hakuniita baba, aliniita kwa jina langu zima, kama polisi. Aliwaambia chama mwenyewe, nikajua kwa sababu mmoja wao alinipigia kunitukana kwa robo saa. Kaka yangu alikaa miezi miwili bila kushika simu yangu. Mapema mwaka huu Mama aliandika "nimepokea baba", na nilisoma ule ujumbe nikiwa nimesimama foleni ya chapati nikalazimika kutoka kwenye foleni.

Ripoti ya visima niliimaliza. Iko na jina langu. Kazi za wanafunzi wa nje nimepunguza, sijaacha, kodi ni kodi. Simu ni ile ile, na nikifungua mahali pa kumwandikia Mama najua bado naweza kuanza na "Mama" na mkato, halafu sentensi inakuja. Si nzuri kila mara.

Ninaishi Nairobi West, chini ya njia ya ndege za Wilson. Zamani nilikuwa sizisikii. Sasa ikipita moja ndogo naacha kuandika, nainamisha kichwa upande mmoja kama yule mzee, nahesabu. Zimebaki shilingi elfu kumi na sita.